Tundu la Thelathini na Tatu

Kopo lilikuwa la kakao,
kifuniko kimeng'ang'ania kwa kutu
hata nikakibandua kwa mpini wa kijiko.
Ndani: miaka thelathini ya chenji
ya Horace Blenkin, kondakta wa basi mjini Hull,
baba yangu.
Kila peni ngeni iliyoingia mkobani mwake
aliitoa, akatia yake badala,
kampuni isije ikamwita mwizi.

Nikazimwaga juu ya gazeti.
Harufu ikapanda: shaba, jasho,
vidole vya abiria
waliokwishasahau walikuwa wakienda wapi.

Nilidhani kazi ni ndogo. Albamu tu.
Ya kwanza niliinunua posta,
mifuko ya plastiki laini, inanuka kama pazia la bafu.
Bwana Prudhoe, mwenye duka nyuma ya soko,
aliipapasa, akainusa,
akanirudishia kwa ncha za vidole.
"Plastiki hii hutoka jasho, mama.
Mipe miaka mitano peni zako zitaota ukungu wa kijani,
utadhani ulizizika."

Ya pili ilishonwa kwa sarafu za siku hizi.
Peni za baba, pana kama biskuti,
ziligoma mlangoni.

Ya tatu, ah, ya tatu ilikuwa ya ngozi nyekundu,
na bei yake
ingelinunua kopo zima pamoja na kondakta wake.

Jumanne moja ya mvua simu ikalia.
"Imetoka nyumba ya marehemu, kule Beverley," akasema Prudhoe.
"Kadibodi. Ya buluu. Njoo kabla sijaipenda."
Pauni ishirini.
Kila tundu lina mwaka wake chini,
kama viti vya basi vyenye namba.

Usiku ule niliketi na baba mezani,
kwa namna ya kusema.
Malkia msichana, nywele zimefungwa fundo.
Malkia mzee, ushungi wa mjane,
mifuko ya suruali imemsugua hadi hana pua.
Robo-peni, ndururu zetu za zamani,
kijindege kimesimama, mkia juu, kama kimetukanwa.
Peni-tatu za pembe kumi na mbili
ambazo hazikukubali kuviringika hata mtelemkoni.
Shilingi moja imetobolewa;
aliyeivaa shingoni hajulikani.

Zikaingia, tak, tak,
kila mtu kitini kwake,
isipokuwa kiti kimoja.
Elfu moja mia tisa thelathini na tatu.
Prudhoe alikuwa amenionya:
"Hilo liache. Mwaka ule walipiga peni chache mno.
Kila albamu nchini ina chongo hilo."

Chini kabisa ya kopo,
imeviringwa ndani ya tiketi ya basi,
palikuwa na kitu chembamba kama jani.
Nilikijua kabla sijakifungua.

Clive, kaka yangu, miaka tisa,
amepiga magoti kwenye reli ya Hessle Road,
analaza peni,
treni ya makaa inapita,
anaikimbilia ingali moto, anairusha mkono kwa mkono.
Baba alimchapa. Peni nzima!
Nauli ya vituo viwili!
Akampokonya, akasema ameitupa mtaroni.
Clive alikwenda Winnipeg, akazeekea huko, akafia huko,
na siku zote akijua iko mtaroni.

Haina mfalme.
Haina mwanamke wa ngao na mkuki.
Haina mwaka.
Niliigeuza chini ya taa, upande huu, upande ule.
Nani atakayeapa
kuwa si ya thelathini na tatu?

Haikuenea. Treni iliifanya ndefu kama yai.
Nikachukua mkasi wa kucha,
nikakata kadibodi kidogo, nikajaribu, nikakata tena,
albamu ya mtu nadhifu, marehemu, anisamehe,
nikailaza.

Bwana Prudhoe alipoiona alivua miwani.
"Umeiharibu," akasema.
Kimya. Mvua juu ya vioo vya soko.
"Hebu isogeze kwenye mwanga."