Mafiga Matatu

Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi,
ukikiweka popote kinatulia,
na mafiga ni matatu, chungu hakijawahi kulalamika.
Injini ya silinda tatu, mayo, ni habari nyingine.
Gari likisimama, yenyewe inatetemeka
kama mbuzi aliyenyeshewa.
Huo si ugonjwa, ndivyo ilivyozaliwa:
sisi zake mia tisa tisini na sita,
valvu kumi na mbili, cheni badala ya mkanda,
farasi sabini na mmoja,
nao hao farasi, nadhani, ni punda wa Urambo
waliooshwa kwato.

Mwalimu Nyanzala hakucheka.
Alifika gereji Isevya saa moja asubuhi,
moshi wa bluu ukimfuata toka barabara ya Sikonge,
ndoo nne za asali kiti cha nyuma, zimefungwa mikanda
kama watoto wa chekechea.
"Inamisi," akasema. "Hata tuta linanishinda."

Nikachomoa kijiti cha oili. Kikavu.
Nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena,
maana mara ya kwanza mtu husamehe.
Kikavu. Nchani tu, tone jeusi
kama asali iliyosahauliwa motoni.
Injini hii hunywa lita tatu na kijiko;
nilipofungua nati, beseni likapata moja na robo.

Nimezifungua nyingi, tabia zao nazijua.
Ringi hugandana na masizi,
oili ikapanda kwenye moto polepole
bila kudondosha hata tone chini,
ndiyo maana mwenye gari huapa, "Halivuji."
Kweli halivuji. Linakunywa.
Oili ikipungua, cheni hulegea,
ikawa inacharaza alfajiri
kama mtu anayetikisa sarafu bakulini.
Koili hufa moja moja.
Wotapampu hulia machozi ya waridi ikiwa na kulanti,
machozi ya kutu ikiwa na maji ya bomba.
Ya kwake yalikuwa ya kutu.
Na themostati haikuwemo; fundi mmoja wa Nzega
aliitupa, akasema nchi hii ina joto lake tayari.
Simtaji jina. Ni shemeji yangu.

Kwenye droo ya dashibodi, nikitafuta kitambaa,
nikakuta kidaftari,
mwandiko wa mtu aliyechonga penseli kwa wembe:
*Km 104,200. Oili, filta. Plagi safi.*
*Km 108,150. Nimeongeza nusu lita. Angalia Jumamosi.*
*Km 112,430. Oili. N. aambiwe asizime ghafla akitoka safari.*
Kisha kurasa nyeupe.
Dashibodi inasema 139,006.

Hesabu siiwezi sana,
lakini kutoa naijua.

Sikumuuliza. Yeye ndiye aliyesema, macho kwenye ndoo:
"Kila Jumamosi alikuwa anafunua boneti.
Nilidhani anapenda tu kusimama pale."

Nikabadilisha koili ya kati.
Nikamimina oili mpya, ikashuka kwa uzi mmoja
wa rangi ileile iliyokuwa ndooni.
Nikamwambia ukweli: ringi ni kazi ya kushusha injini,
na bei yake ni nusu ya gari;
au aishi nayo, ampime kila wiki kama mgonjwa wa sukari.

"Nionyeshe mstari," akasema.
Miaka thelathini amefundisha watoto kusoma kontua,
vilima vyote vya Tanzania kwenye karatasi,
na sasa ameinama juu ya kijiti kimoja,
akikifuta kwa kitambaa cha kufutia ubao,
akikiinua kwenye mwanga,
akikosea, akirudia.

Alilipa nusu fedha, nusu asali.
Kabla ya kuwasha aliomba kalamu yangu,
yenye grisi, akaandika chini ya ule mwandiko mwingine,
herufi zake kubwa, za ubaoni:
*Km 139,006. Halivuji. Linakunywa.*

Akawasha. Ikatetemeka, kama nilivyosema.
Asali ndooni ikachora viduara vidogo,
naye akakaa kidogo, mkono juu ya usukani,
akisikiliza.