Sukari Robo

Kijana wa duka la Michenzani ananihoji
kama fundi anayenipima gauni:
chai ya rangi au ya maziwa?
Barafu? Sukari kamili, nusu, robo?
Robo, mwanangu.
Daktari wa Mnazi Mmoja keshanikataza nusu.

Na gololi?

Gololi gani tena? Wasila anacheka:
"Hizo nyeusi, bibi. Ndo utamu wenyewe."

Navuta kwa mrija mnene kama kikonyo cha mpapai.
Moja inapanda, ya pili inakwama.
Natafuna.

Huu muhogo.
Huu huu wa mwaka wa foleni,
tuliouchemsha bila nazi asubuhi na usiku
tukaapa: wali ukirudi,
hatuugusi tena.

Elfu nane.
Namhesabia noti. Namwambia
aongeze gololi.