Mkono wa Kushoto

Maswali yalikuwa sabini, penseli ya bure.
Semina ya wanaokaribia kustaafu, ukumbi mmoja wa Tudor,
feni moja yazunguka, ya pili imekata tamaa.
"Ukialikwa harusini, unafurahi au unachoka?"
Inategemea harusi ya nani, nikaandika pembeni.
Wakesho, mwalimu wetu, akacheka:
"Bi Khuleta, chagua moja."

Nikachagua. Jibu likatoka ndani ya kisanduku:
mpangaji, mtu wa hesabu,
mlango uliofungwa kwa ndani.

Kumbe ndiye mimi!
Miaka thelathini na moja bandarini Kilindini
makontena yamepita vidoleni mwangu kama tasbihi,
wala sikupoteza hata moja,
ila lile la mitumba, mwaka wa mvua nyingi,
na lile ni kosa la Mbarak.
Nyumbani vivyo hivyo: sukari kwa kipimo,
mabusu kwa kipimo.
Wanangu walikuwa wakinyamaza nikiingia.
Nikadhani ni adabu.

Kisha Wakesho akasema jambo, nikaweka penseli chini:
"Aina yako si kaburi. Ni mkono uliouzoea.
Ule mwingine haukufa. Umekaa tu."

Umekaa tu.
Mimi nilizaliwa mashoto.
Chuoni Kuze, maalimu aliufunga mkono ule kwa kitambaa
hadi wa kulia ukajua kuandika alifu
na wa kushoto ukajua kunyamaza.
Hamsini na saba sasa. Simlaumu;
alinipa mwandiko mzuri, na mwandiko ule ukanilisha.

Jana usiku umeme ulikatika.
Badi amelala, akikoroma kwa utaratibu wake.
Nikawasha mshumaa, nikaitia kalamu kushoto.
Herufi zikatoka upande upande, kama kaa.
Nikaandika jina langu. La mamangu.
Halafu neno ambalo sikulipanga,
na chini yake jingine,
na nta ikadondokea meza nisiipanguse.

Asubuhi Badi kaiokota karatasi:
"Mjukuu gani huyu kaandika?
Hajui mstari, lakini ana maneno."
Nilikuwa nakata mahamri.
Kula, nitakula kwa kulia, hilo si la semina.
Nikamwambia, "Mpe muda.
Ndiyo kwanza ameanza chuo."