Hesabu ya Mbio za Bidoni

Bwana Zihalirwa, mwenye depo ya saruji,
nimepanda kwako kwa miguu. Pesa ya moto
isingekuwa na pa kuandikwa.

Hili hapa daftari. Limelowa pembeni:
ni mvua ya Jumamosi ile, si machozi,
usianze kunihurumia.

Uliwaona watoto. Kutoka bombani, chini ya soko la Kadutu,
hadi uwanja wa shule, kila mmoja na bidoni ya lita tano
bila kifuniko,
na sheria yetu moja tu:
hatumtuzi aliyetangulia,
tunamtuza aliyefika na maji.
Ndiyo maana Ntakwinja, yule mwenye mguu mmoja mfupi,
alifika wa thelathini na moja
akaondoka na begi.

Sasa ni zamu yetu kupimwa.

Mafundi cherehani walichanga elfu ishirini na mbili,
noti za mia tano tano, zinanuka mafuta ya mashine.
Mama Nsimire wa sabuni alitoa katoni mbili.
Vipande sita vilibaki, nikamrudishia,
akavihesabu mbele yangu kama mtu asiyenijua,
naye ndiye aliyesimamia harusi yangu.
Dola zako tulizivunja kwa elfu mbili mia nane,
pale Nyawera; jina la mbadili pesa hili, namba yake hii.
Jumla: franka elfu mia mbili arobaini na sita.

Mabegi kumi na mawili, kila moja elfu kumi na moja.
Kipaza sauti cha kukodi, elfu ishirini na tano;
betri zilikufa saa nne.
Mikate na chai, elfu arobaini na sita na mia tano.
Plasta na dawa ya vidonda, elfu kumi na nne na mia tano,
magoti ya watoto hayasomi bajeti.
Bango lenye jina lako juu kabisa: elfu kumi.

Toa. Nimetoa mara tano,
mara ya mwisho kwa maharage, jikoni, mume wangu amelala.
Zinabaki elfu kumi na nane,
na kwenye kopo la kamati
hakuna kitu.

Murhula, katibu wetu, alisema: andika "mengineyo".
Neno zuri hilo, pana kama kitenge,
linafunika watu wengi.
Nilimpa biki aliandike mwenyewe.
Hakuipokea.

Na kuna ukurasa wa nyuma. Kamati iliniomba niuchane
kabla sijafika hapa, tusikupoteze mwaka ujao.
Kipaza sauti kilitangaza dola mia.
Watu walikupigia vigelegele vya dola mia.
Daftari linasema themanini.

*

Alisoma amesimama, vumbi la saruji kwenye nyusi,
kidole kikishuka mstari kwa mstari.
Mteja aliingia, akaambiwa asubiri.
Kwenye ukurasa wa nyuma kidole kilisimama.
Barabarani lori lilitafuta gia, likaikosa, likaipata.
Nikasema moyoni: basi, huyu ameshakwenda.

"Hiyo ishirini," akasema, "usiifute.
Andika: bado."

Kisha, bila kuinua macho:
"Na hii kumi na nane yenu?"

Sijui, nikasema.
Miaka mitatu mtunza hazina, na sijawahi kulitamka neno hilo
mbele ya mtu aliyetoa pesa.
Mteja akakohoa. Mifuko ya saruji ikabaki pale pale
ilipopangwa.

"Basi na hapo andika bado."

Nikaandika. Bado mbili, wino mmoja,
moja yake, moja yetu,
naye akatia sahihi chini, herufi zimebanana
kama watu kwenye kibaraza.

Nikashuka ngazi za Kadutu polepole,
daftari mikononi,
kama mtu aliyebeba kitu
kisicho na kifuniko.