Bakuli la Dirishani

Alfajiri, kwenye maegesho ya stesheni ya New Malden,
Bi Ok-bun na mkasi wake wa jikoni
anakata majani ya msonobari wa manispaa.
Mimi ndiye mshika mfuko.
Mimi ndiye wa kukohoa akipita mtu.

Nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba,
vidole bado vinanuka sabuni ya nyumba ya wazee,
na kitanda changu kiko ghorofani kwake kinaningoja.
Lakini aliponiita "Juleka!" pale ngazini
(ulimi wake na herufi yangu ya kwanza hawajapatana,
mwaka wa tatu sasa)
nikavaa viatu tena.

Leo ni kumi na tano ya mwezi.
Wao nao huhesabu kwa mwezi mwandamo.
Nilipojua hivyo nilimwambia: basi sisi ni ndugu,
tunatazama juu kabla ya kutazama kalenda.
Akatikisa kichwa, akanisogezea unga.

Unga wa mchele, maji ya moto,
kanda mpaka ulainike kama ndewe ya sikio.
Ndani tia ufuta wa kukaanga, sukari, chembe ya chumvi.
Ufuta huu naujua, nimeumenyea meno kwenye kashata.
Kama nilivyowajua dagaa wake siku ile ya kwanza,
nilipofungua mlango wa duka lake kuulizia chumba
nikasimama kizingitini kama mdaiwa,
pua yangu imefika Tanga, mimi nimebaki Londoni.

Yeye anafinya mara mbili, unatoka nusu mwezi.
Mimi nafinya, inatoka sambusa.
Nafinya tena.
Sambusa.
Anacheka mpaka miwani inamshuka.
Kwao husema mwenye kufinya vizuri atazaa binti mzuri.
Anakiinua changu kwenye taa, anakigeuzageuza.
"Wako," anasema, "atakuwa na afya."

Tunavipanga juu ya majani tuliyoyaiba,
tunafunika chungu,
na jiko zima linanuka kama mbao mbichi.

Kisha meza.
Picha ya mumewe, picha ya baba, mama bila picha,
jina lake tu, kwa wino, kwenye karatasi.
Tufaha upande huu, peasi upande ule,
samaki kichwa chake kielekee mashariki.
"Mashariki wapi?" Kila mwaka huniuliza.
Natoa simu, dira ileile ninayotafutia kibla.
Mashariki iko nyuma ya friji.
Samaki anageuzwa, analitazama friji kwa heshima.

Bakuli tatu za wali kwa waliokwenda,
kila moja na kijiko kimechomekwa wima katikati.
Bakuli mbili kwenye mkeka, zetu,
vijiko vimelazwa ubavuni.
Na moja imezidi.

Ni ya Ok-nam, mdogo wake.
Waliachana kwenye mto ulioganda,
mmoja alivuka, mmoja alirudi kuchukua blanketi.
Miaka kumi na saba. Hakuna barua, hakuna msiba.
Bi Ok-bun amesimama na bakuli mikononi,
mvuke unampanda usoni,
anatazama meza, anatazama mkeka.
Kiingereza chetu cha kuokota hakina neno la hapa,
na Kiswahili changu, nilikipekua, nacho hakina.

Akaliweka dirishani.
Kijiko hakukichomeka, hakukilaza.
Alikitia mfukoni mwa aproni.

Sikusema kitu.
Nina namba moja kwenye simu hii, chini ya dira,
nikiipiga haiiti, na sijaifuta.

Alipopiga magoti kuinamia wazazi wake,
paji la uso likagusa zulia,
na kijiko mfukoni kikagonga mguu wa meza.
Ngong.
Tukainua vichwa wote wawili,
tukautazama mlango.