Gramu Sitini na Tano

Mwaka wa mvua za El Nino, dirisha namba tatu, Posta ya Mwanza,
Mwalimu Lugembe aliweka bahasha kwenye mizani yangu.
Gramu sitini na tano.
Nikasoma anwani herufi kwa herufi,
kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga:
mji mdogo wa Bulgaria, mtaa, ghorofa ya nne.
"Uthibitisho," akasema. "Miaka tisa."

"Miaka tisa, Mwalimu, na huupeleki London?"

Akafuta miwani kwa upindo wa shati.
"London walikaa nao miezi ishirini na sita,
wakaurudisha na sentensi moja.
Ila hiyo si sababu. Usije ukasema ndiyo sababu.

Nilisoma kule. Theluji ya kwanza ilinikuta na shati la Mwatex.
Yordan alikuwa na koti moja. Tulilivaa kwa zamu,
yeye vipindi vya asubuhi, mimi vya jioni,
tukipokezana ngazini, mikono bado ina joto la mwenzio.
Sasa ameanzisha jarida. Toleo la kwanza makala nne,
tatu zake mwenyewe.
Mtu anayeanza zizi humpelekei ndama kilema."

Stempu kubwa zilikuwa zimekwisha.
Nikabandika kumi na moja ndogo, za kiboko,
nikazigonga muhuri moja moja, polepole kuliko kawaida.
Nyuma ya foleni mtu akaguna.

Nimestaafu. Juzi binti yangu Nyanzobe kaja likizo kutoka chuoni,
kafungua kitabu mezani, kando ya sahani ya michembe.
Kanuni ina majina mawili, ya Wamarekani, mwaka 2008.
Chini kabisa, kwenye tanbihi, herufi kama mayai ya sisimizi:
taz. pia Lugembe, na ule mji, na mwaka.
Nikahesabu kwa vidole. Kumi kamili, kabla yao.

Nilimkuta Mwaloni akipatana bei ya dagaa.
Nikamwaga yote, pumzi juu juu.
Akasikiliza, dagaa mmoja kati ya vidole,
akimgeuza geuza kwenye mwanga.
"Lile jarida," akauliza, "bado linatoka?"

Nikampigia Nyanzobe. Tukangoja atafute.
"Toleo la hamsini na tatu, baba."

Mwalimu akamrudia mama muuzaji:
"Haya, shusha mia tano, nichukue sado mbili."