Ngazi ya Nyuma

Mnara una nyuso nne za saa,
na tangu radi ya mwaka wa sitini na moja
kila uso una wakati wake:
mashariki saa tatu, kusini saa nane na robo,
magharibi umekwama saa sita kamili,
na wa kaskazini hauna mishale, njiwa wametaga humo.
Mashahidi wanne, hakuna wawili wanaokubaliana.
Mahakama ya Kaunti ya Haskew:
hata saa zake zilihitaji hakimu.

Walitaka kuibomoa wapate pa kuegesha magari.
Kura tatu kwa mbili ndizo zilizoiponya,
na keki zilizouzwa kanisani majira mawili ya baridi,
na mzee Orrin Stallworth, aliyeuza trekta lake
akisema, "Shamba sina tena, la nini?"
Sasa tunairudisha ilivyokuwa.
Ndivyo lisemavyo bango la kamati: ILIVYOKUWA.

Mimi kazi yangu kukwangua rangi.
Kijani cha hospitali, chini yake rangi ya maziwa,
chini yake kahawia ya moshi wa tumbaku,
chini kabisa plasta ya kwanza, ina nywele za farasi
na alama ya kidole gumba cha fundi
ambaye hakuna daftari lililomwandika.
Nimeizunguka. Sijaigusa.

Lakini ngazi ya nyuma,
ile nyembamba ya kupandia roshani,
ambayo watu wa rangi yetu hawakuwa na nyingine,
vidato ishirini na viwili vya msonobari
vimelika katikati kama sabuni.
Seremala akapima, akatikisa kichwa.
"Hivi vyote nje. Nina mwaloni mpya."

Nikampigia mama simu.
Akaja na viatu vya Jumapili, siku ya Jumatano,
miaka themanini na mitatu, goti moja la chuma.
Lifti hakuitazama.
Alipanda akitia kila unyayo katika bonde lake
kama mtu anayerudisha sahani kabatini,
akaketi benchi la tatu,
alipoketi akiwa na miaka kumi na mmoja
akitazama utosi wa kaka yake
huko chini, akihukumiwa kwa dakika tisa.
"Kutoka huku," akasema, "humwoni mtu uso."

Seremala alikuwa amevua kofia.
Njiwa wakagombana mnarani.
Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayenunua misumari,
"Vikiachwa hivi, mtu akiteleza?"

"Ashike ukuta," mama akasema. "Sisi tulishika."

Ukuta huo nilikuwa nimeupangia kesho.